Mzigo uliokwisha kugombolewa

Ijumaa Kuu haifungi mpaka. Malaba, Katuna, Rusumo na Namanga, malori husimama kwenye foleni kama siku nyingine yoyote, na mama mwenye matenga ya nyanya hawezi kuyaambia yangoje mpaka Jumatatu ya Pasaka. Siku hiyo ni ya mapumziko kisheria Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, lakini nyanya hazisomi kalenda ya serikali.

Hata hivyo, ikikaribia saa tisa alasiri, baadhi ya vibanda hufunikwa turubai. Wenyewe wamekwenda kanisani. Saa tisa ndiyo saa ambayo Injili zinasema Yesu alikata roho, na msomaji wa Kiswahili ana bahati ndogo hapa: saa za Wayahudi wa wakati ule zilihesabiwa kuanzia mapambazuko, sawa na zetu. Mwingereza hana budi kubadilisha ile saa ya tisa kuwa saa tatu ya mchana ili aielewe. Mswahili huisoma kama ilivyo.

Si saa tu. Karibu kila neno ambalo Wakristo hulitumia kueleza kifo hicho ni neno ambalo mfanyabiashara wa mpakani amelishika mkononi. Anayetoa kontena bandarini Dar es Salaam husema anagomboa mzigo. Anayekwenda kwa mkopeshaji kuchukua pikipiki aliyoweka rehani husema anaikomboa. Kugomboa na kukomboa ni neno moja lililovaa nguo mbili, na ndilo wafasiri wa Biblia walilolichukua kumwita Yesu Mkombozi. Maana yake ya kwanza haina utakatifu wowote. Kuna kitu chako, au mtu wako, kimezuiliwa mahali, na hakitatoka mpaka bei ilipwe.

Fidia nayo ni hivyo. Leo neno hilo husikika zaidi pale shamba linapopitiwa na barabara au bomba la mafuta, na mwenye shamba akasubiri hundi. Zamani lilikuwa bei ya kumtoa mateka. Injili ya Marko inamweleza Yesu akiwaambia wanafunzi wake kwamba amekuja kuutoa uhai wake uwe bei ya namna hiyo kwa ajili ya wengi. Kisha Paulo, katika barua kwa Wakolosai, anatumia neno la Kigiriki lililokuwa la sokoni kabisa: hati ya deni iliyoandikwa kwa mkono wa mdaiwa mwenyewe. Hati hiyo, anasema, Mungu ameifuta, ameiondoa na kuipigilia msalabani. Mtu aliyewahi kuchukua bidhaa kwa mali kauli, akatia sahihi kwenye daftari la mwenye duka, kisha safari ikaharibika, haitaji kuelezwa sana picha hiyo.

Pwani ya Afrika Mashariki neno hilo halikuwa mfano tu. Mkunazini, Zanzibar, palikuwa na soko la watumwa ambalo Sultani Barghash alilifunga mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza. Mwaka huohuo, Krismasi, Waanglikana waliweka hapo jiwe la msingi la kanisa. Madhabahu yake, kwa simulizi inayotolewa kwa kila mgeni, ipo mahali iliposimama nguzo ya kuchapia watumwa. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi huo, ndiye pia aliyekuwa akitafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Wasikilizaji wake wa kwanza walikuwemo watu waliowahi kutiwa bei. Aliposema mbele yao kwamba kuna aliyetoa bei ili watoke, hakuwa akiongea na watu wa kubahatisha maana.

Nani alilipwa?

Mfanyabiashara ataliuliza swali hili kabla ya mwanateolojia. Kama bei ilitolewa, ilimfikia nani? Risiti ilitolewa na nani?

Wakristo wameligombania kwa karne nyingi. Baadhi ya walimu wa kanisa la kale walifundisha kwamba shetani ndiye aliyekuwa amewashika wanadamu, kwa hiyo ndiye aliyelipwa, kisha akajikuta amedanganyika kwa sababu mauti haikuweza kumshikilia Yesu. Gregory wa Nazianzus, katika karne ya 4, alilikataa jambo hilo kwa hasira: mnyang'anyi alipwe, tena alipwe kwa Mungu mwenyewe? Mwaka 1098 hivi, Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, alimaliza kitabu kilichohamisha deni hilo. Kwa Anselm mdai si shetani bali Mungu, ambaye heshima yake imevunjwa, na mwanadamu anadaiwa asichoweza kulipa. Abelard, aliyekuja nyuma yake kidogo, hakupendezwa na hesabu hizo. Aliona msalaba kuwa upendo ulioonyeshwa waziwazi mpaka ukamvuta mtu abadilike. Karne ya 16, Martin Luther na John Calvin walisisitiza adhabu: Yesu alisimama mahali pa mwenye hatia.

Makanisa ya ukanda huu yamerithi yote hayo bila kutangaza, na muumini mmoja anaweza kuyaimba yote ndani ya saa moja. Wakatoliki hufuata Njia ya Msalaba yenye vituo 14 na kuubusu msalaba. Siku hiyo hawaadhimishi misa. Walutheri na Waanglikana wengi huhubiri juu ya maneno saba ambayo Yesu aliyasema akiwa ametundikwa. Wapentekoste huimba juu ya damu.

Jirani wa kibanda cha pili, ambaye ni Mwislamu, haamini lolote kati ya hayo. Qurani, katika Sura ya An-Nisaa, inakana kwamba Nabii Isa alisulubiwa, na Uislamu hauna fundisho la mtu mmoja kubeba dhambi za mwingine. Wawili hao huachiana funguo za vibanda wakati wa ibada, na hakuna anayehitaji kujifanya kwamba tofauti hiyo ni ndogo.

Lipo jambo moja ambalo wanahistoria, wenye imani na wasio na imani, hawalibishii sana, nalo ni aina ya kifo chenyewe. Warumi waliwasulubisha watumwa na waasi. Baada ya uasi wa Spartacus, mwaka 71 kabla ya Kristo, walipanga misalaba ipatayo 6,000 kando ya barabara iendayo Roma, ili kila mpita njia aone. Ilikuwa adhabu ya aibu, ya barabarani. Na aliyelazimishwa kubeba msalaba wa Yesu alikuwa mgeni aliyekuwa akipita zake kutoka shamba: Simoni wa Kurene, mtu wa pwani ya nchi ambayo leo ni Libya. Askari walimkamata wakambebesha mzigo usio wake. Wachukuzi wengi wa mpakani wangemtambua mara moja.

Barabara ya Gahini

Anayetoka Kayonza kwenda Kagitumba, mashariki mwa Rwanda, hupita Gahini, juu ya Ziwa Muhazi. Pana hospitali ya zamani ya misheni na kanisa la Kianglikana. Malori hayasimami hapo. Lakini ni kutoka hapo, miaka ya 1930, ndipo fundisho la msalaba lilipoanza kusafiri kuvuka mipaka kwa namna ambayo haikupangwa na askofu wala serikali yoyote.

Daktari Mwingereza, Joe Church, alikuwa akifanya kazi Gahini. Mwaka 1929, akiwa amechoka na kukata tamaa, alikwenda Kampala, akakutana na Mganda aitwaye Simeon Nsibambi. Walisoma Biblia pamoja na kusali. Nsibambi aliacha kazi ya serikali na kuanza kuhubiri akiwa miguu mitupu. Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha, akafariki mwanzoni mwa mwaka 1936 akiwa bado kijana. Mwaka huo uamsho ulilipuka. Watu walilia usiku, wakaungama hadharani, wakaimba. Ulifika Kigezi na Ankole, ukafika Buganda, Burundi, Bukoba na Kenya ya kati, ukibebwa na walimu, wauguzi na watu wa kawaida waliosafiri kwa miguu na baiskeli. Wenyewe waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Wimbo wao, Tukutendereza, ni wa Kiganda na unahusu damu ya Yesu. Mpaka leo husikika kwenye mazishi Kabale, Bukoba na Nyeri, na wengi wanaouimba hawajui Kiganda.

Kilichowashangaza majirani hakikuwa wimbo. Waliookoka walirudisha vitu. Mablanketi na vyombo vilivyoibwa kazini vilirudi. Ng'ombe aliyechukuliwa kwa hila alirudishwa kwa mwenyewe. Watu walikwenda kwa waajiri wao kutaja fedha walizochota, wakijua wanaweza kufukuzwa au kufungwa.

Hapa ndipo hesabu ya msalaba inapomkanganya mtu wa biashara, maana kwa macho ya kwanza haifungi. Ikiwa deni limelipwa na mwingine, kwa nini mdaiwa aanze kulipa siku hiyohiyo? Balokole walijibu kwa matendo zaidi ya maneno. Deni lao kwa Mungu hawakuwa na uwezo wa kulilipa, na hilo ndilo waliloamini limefutwa. Deni la ng'ombe wa jirani walikuwa na uwezo nalo. Mtu anayeogopa kufichuliwa hulificha deni. Asiye na hofu tena hulitaja. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, ambaye jina lake Wakenya wamelifanya utani wa kisiasa, aliahidi kurudisha mara nne baada ya Yesu kukubali kula kwake, si kabla. Mpangilio huo wa matukio ndio Balokole walioushika.

Walikuwa na kasoro zao, na haifai kuzifunika. Baadhi walikuwa wakali kwa wasiookoka, wakiwaita wachungaji wao wafu mbele za watu. Waligawanyika wao kwa wao juu ya nani ameamka kweli. Wengine waliigeuza ile desturi ya kuungama kuwa mzani wa kuwapimia wenzao. Lakini walipobanwa hawakuyumba kirahisi. Wakati wa hali ya hatari Kenya, miaka ya 1950, wengi wao katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Wapo waliouawa kwa kukataa huko. Wapo pia waliokataa kubeba bunduki za serikali ya kikoloni, wakatiliwa shaka na pande zote mbili.

Mmoja wa waliookoka Kigezi miaka hiyo alikuwa mwalimu kijana, Festo Kivengere. Alisimulia mara nyingi kwamba kulikuwa na Mzungu mmoja aliyemchukia. Baada ya kuokoka alipanda baiskeli akaenda maili 50, kama kilomita 80, ili akamwambie mtu huyo kwamba alikuwa akimchukia na kwamba sasa anaomba msamaha. Barabara za Kigezi hazina tambarare ya kusifiwa. Mtu haendeshi baiskeli umbali huo kwa sababu ya wazo tu.

Anayetoza mara ya pili

Mfanyabiashara anakijua kizuizi cha barabarani. Ushuru amelipa mpakani, risiti anayo, mzigo umetolewa rasmi. Kilomita 30 mbele anasimamishwa na mtu asiye na dirisha wala kitabu cha risiti, naye anataka chake. Malalamiko ya biashara ya ukanda huu yamejaa habari hizo.

Siku hizi kuna vizuizi vya namna hiyo vya kiroho pia. Kwenye miji mingi ya mpakani hayakosekani mabango ya mikutano ya ukombozi, na kwenye baadhi ya mikutano hiyo mama ambaye biashara imemyumbia huambiwa kwamba amefungwa na laana ya ukoo. Kufunguliwa kwake kuna gharama: sadaka maalumu, chupa ya mafuta, maji yaliyoombewa, wakati mwingine mtaji wote uwe mbegu. Watetezi wa desturi hiyo husema anayetoa hutoa kwa hiari na kwa shukrani, na kwamba kanisa nalo lina gharama zake. Kanisa lina gharama, ndiyo. Hakuna asiyejua kwamba bati halishuki kutoka mbinguni.

Lakini shukrani na bei ni vitu viwili. Yule mama haambiwi ashukuru kwa kuwa ametolewa. Anaambiwa alipe ndipo atolewe. Kwa fundisho la makanisa karibu yote, ya Kikatoliki, ya Kiprotestanti na ya Kipentekoste yenyewe, hilo ni kutoza mara ya pili mzigo uliokwisha kugombolewa. Luther alianza ugomvi wake na Roma mwaka 1517 kwa jambo linalofanana sana na hilo: vyeti vya kupunguziwa adhabu za dhambi vilivyokuwa vikiuzwa Ujerumani. Baadaye Kanisa Katoliki lenyewe, chini ya Papa Pius wa Tano, lilipiga marufuku kuuza vyeti hivyo. Miaka mia tano imepita na biashara imehamia kwenye chupa.

Tofauti na Gahini inaonekana kwa kutazama fedha inakwenda wapi. Balokole walimlipa waliyemwibia. Hakuna aliyemlipa mhubiri ili asamehewe, na Nsibambi, kama ilivyosemwa, hakuwa na viatu.

Kabale, Februari 1973

Kivengere alifundisha Dodoma kwa miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kiasi kwamba Billy Graham alipohubiri Moshi mwaka 1960, yeye ndiye aliyemtafsiria. Mwaka 1972 aliwekwa kuwa askofu wa Kigezi, makao yake yakiwa Kabale, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Katuna. Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka mwaka mmoja kabla.

Tarehe 10 Februari 1973, wanaume watatu wa Kigezi waliletwa kwenye uwanja wa Kabale kupigwa risasi hadharani. Watu walikusanywa kwa maelfu watazame. Kivengere aliruhusiwa kusema nao kabla ya mwisho, na baadaye alieleza kwamba alipokuwa akiwakaribia hakuwa na neno la kuwaambia. Wao ndio waliomtangulia. Mmoja alimshukuru, akamwambia kwamba amemkabidhi Kristo maisha yake tangu alipokamatwa, na akaomba mkewe na watoto wapelekewe habari hiyo. Wenzake wawili wakasema vivyo hivyo, wakiinua mikono yenye pingu. Askofu aliwageukia askari, akawaeleza kwa lugha wanayoielewa yale waliyoyasema wafungwa. Watatu hao walikufa wakiutazama umati, nyuso zao zikiwa na furaha. Watu waliokuwa wameletwa wajifunze kuogopa waliondoka na jambo jingine la kuzungumza.

Miaka minne baadaye ilikuwa zamu ya kanisa lenyewe. Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana walimwandikia Amin kupinga mauaji na kupinga upekuzi wa usiku katika nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Tarehe 16 waliitwa Kampala, wakaonyeshwa silaha zilizodaiwa kuwa za njama, kisha wakaambiwa waende zao, isipokuwa Luwum. Kivengere alibaki nje akimsubiri mpaka jioni. Luwum hakutoka. Redio ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa kwa ajali ya gari. Mwili haukuletwa Kampala. Waumini walikusanyika Namirembe kwenye kaburi lililokwisha kuchimbwa, likiwa tupu, na kaburi tupu kwa Mkristo lina maana ambayo haihitaji mhubiri.

Kivengere aliambiwa kwamba anayefuata ni yeye. Usiku, pamoja na mkewe Mera, alipanda milima kwa miguu hadi Rwanda. Kwa lugha ya mpakani, alipita njia ya panya.

Uhamishoni ndipo alipokutana na tatizo alilokuwa akilihubiri kwa zaidi ya miaka 30. Alimchukia Amin. Aliandika mwenyewe kwamba uchungu ulianza kumkausha. Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa London. Aliingia katika kanisa la All Souls, akakaa peke yake akitafakari jinsi Yesu alivyowaombea msamaha waliokuwa wakimpigilia misumari. Akajiuliza kama Amin angekuwa miongoni mwa wale askari, Yesu angemruka katika sala hiyo? Jibu alilopata hakulipenda, lakini alilipokea. Kitabu alichokitoa mwaka huohuo jina lake linasema kwamba anampenda Idi Amin, na Waganda wengi waliofiwa walilikuta jina hilo zito mno kumeza. Haki yao. Alipoulizwa angefanya nini kama angekuwa na bastola na Amin yuko mbele yake, alijibu kwamba angemkabidhi Amin ile bastola, kwa kuwa hiyo ni silaha ya Amin, si yake.

Hakusema kwamba Amin asishitakiwe, na hakuacha kuyataja mauaji. Amin alipoangushwa mwaka 1979 alirudi Kabale, akaendelea na uaskofu mpaka alipofariki Mei 1988. Amin alikufa Jeddah mwaka 2003 bila kumwomba msamaha mtu yeyote hadharani. Kwa hesabu ya dukani, deni hilo halikukusanywa kamwe. Kivengere alikuwa amelifuta katika daftari lake mwenyewe, na alisema aliyefunguliwa siku ile London alikuwa yeye.

Pale nchi ya uamsho ilipoanguka

Pingamizi kubwa kwa yote haya linatoka palepale yalipoanzia. Mwaka 1994 Rwanda, nchi ya Gahini, nchi iliyojaa misalaba kwenye kuta na shingoni, ilishuhudia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Watu walikimbilia makanisani, wakauawa humo. Nyamata na Ntarama, kusini mwa Kigali, makanisa hayo leo ni kumbukumbu: nguo za waliokufa zimepangwa juu ya mabenchi. Waliouawa walikuwa wamebatizwa, na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa pia. Baadhi ya mapadri na wachungaji walihukumiwa na mahakama kwa kushiriki.

Mkristo wa ukanda huu anayeeleza maana ya msalaba bila kupita Nyamata anaeleza nusu. Wapo waliopita wakaacha kuamini, na hakuna wa kuwalaumu. Wapo manusura wanaosema wamesamehe, na wapo wanaosema hawawezi, na wote huuziana maharage katika soko moja. Kanisa lililojifunza kitu limejifunza angalau kutomharakisha mtu. Msamaha unaodaiwa kwa nguvu kutoka kwa aliyefiwa ni deni jipya anatwishwa.

Upande wa pili wa mpaka, Burundi, miaka mitatu baadaye, kuna mahali ambapo jambo hilo liliulizwa na silaha na likajibiwa na watoto wa shule. Seminari ndogo ya Buta iko kusini, katika eneo la Bururi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, wakati wa vita, waasi waliingia bwenini wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana hao walikuwa wamefundishwa, wiki baada ya wiki, kwamba Yesu alikufa kwa ajili ya watu ambao wengine wangewaweka pande mbili. Walikataa kujitenga. Arobaini waliuawa.

Wamezikwa hapo shuleni, makaburi yao yakiwa yamepangwa kwa safu, Mhutu kando ya Mtutsi, na kanisa limejengwa kando yao. Kila mwisho wa Aprili, ndani ya msimu wa Pasaka, watu hupanda basi kutoka Bujumbura na mikoa mingine kwenda Buta. Baadhi yao ni wafanyabiashara, nao hurudi na mzigo jioni hiyohiyo.